Pepo Aliyezuia Shamba Lisiuzwe

Paka ndiye aliyeanza. Alimtazama Chepngeno akikoroga uji, akasimamisha manyoya, akaruka dirishani, na uvivu wake wote ule.

Chepngeno alijua sababu, akaona haya. Jumapili iliyopita, katika kanisa lao la mabati nje ya Njoro, mumewe Kosgei alisimama kuomba apate mnunuzi wa shamba. Chepngeno alikuwa amemsihi asiuze hadi koo likakauka. Lakini ukiwa mke wa watu, maneno yako ni mvuke wa sufuria. Basi akajiangusha sakafuni, akanguruma kama trekta bovu: "Shamba lisiuzwe!" Wanaume wazima, na ndevu zao zote, walitetemeka. Kosgei akaahirisha.

Uongo mtupu. Ila tangu siku hiyo jiko lilinuka nywele zilizoungua, na kila alipoguna peke yake, kitu nyuma ya pipa la maji kiliguna naye.

Mama mkwe akaitisha maombi. Kina mama wa kanisa wakamzunguka sebuleni, mchana kweupe.

"Mama, hakuna pepo," Chepngeno alimnong'oneza. "Nilikuwa naigiza. Nisamehe."

"Nyamaza, msichana wangu. Hiyo ni yeye anaongea."

"Ni mimi!"

"Ona vile ni mjanja!"

Pasta Wanyoike akamshika paji la uso. Katika kanisa lao pepo hafukuzwi bila jina. "Wewe uliye ndani, jitaje!"

Aibu ilimchoma hadi masikioni. "Chepngeno. Ni mimi tu, Chepngeno."

"Mmesikia? Anajificha kwa jina la mama wa watu! Chepngeno, toka!"

"Toka!" kina mama wakaitikia, wakipiga makofi, na ile harufu ikapanda kutoka kifuani mwake mwenyewe, na miguu ikafa ganzi, na kadiri walivyolitaja jina lake ndivyo alivyohisi akivutwa kama uzi, taratibu, kupitia kooni, kupitia mdomoni, hadi akajikuta uani, hana mkono wa kushika ukuta, akichungulia ndani.

Mwanamke aliketi mkekani, akafunga kitambaa chake vizuri, akatabasamu kwa meno ya Chepngeno.

"Amepona!" Kosgei alisema. "Haya, sema kitu."

"Uza tu shamba, baba," akajibu kwa upole. "Mimi ni nani nikukataze?"

"Sasa huyo ndiye mke!" mama mkwe akashangilia.

Kosgei tayari alikuwa anampigia simu dalali amtafutie mnunuzi. Huko nje Chepngeno alipiga ukemi kwa nguvu zake zote, na majani ya mahindi yakatikisika kidogo.