Taa ya Kufika Chini

Kitu cha kwanza alichokiona Sia ni mkono wa shati. Wa kulia ulikuwa umelowa hadi begani. Wa kushoto ulikuwa mkavu, umepigwa pasi vizuri. Mwenye shati, kijana mrefu, alikuwa amesimama juu ya stuli katikati ya soko la samaki wa mapambo. Watu walipishana na mifuko yao ya maji, naye ametumbukiza mkono mzima ndani ya tangi la kioo.

"Dada, nisogezee hako kataulo," alisema kwa Kiswahili.

"Umejuaje kama nasema Kiswahili?"

"Umemwamkia laoban shikamoo."

Mwenye duka, ambaye huko China kila mtu humwita laoban, yaani bosi, aliinua uso na kucheka bila kujua anachochekea. Sia alitamani ardhi ipasuke. Alikuwa amevaa gauni la buluu la sampuli, pana mabegani, na lebo yake ilimkuna shingoni.

Alikuwa ametumwa na shangazi yake, Clementina, aliyenunua bidhaa Guangzhou kwa ajili ya wateja wa Dar. Safari hii hoteli moja ilitaka taa za tangi la matumbawe, kina chake mita moja na nusu. Agizo la shangazi lilikuwa fupi: "Zinazowaka sana, za bei ndogo, na saa nane uwe hapa."

Kijana aliitwa Lusajo, mtu wa Tukuyu, mwanafunzi wa viumbe vya bahari. Sia naye alijitaja jina na kwao, Kibosho.

"Tukuyu na bahari wapi na wapi?" Sia aliuliza, akashangaa kusikia sauti yake mwenyewe inatania.

"Na Kibosho na bahari?"

"Mimi nimetumwa tu."

Lusajo aliwasha taa nyeupe, akazamisha kipimo chake cha mwanga. Karibu na uso wa maji namba ilikuwa kubwa. Chini kabisa ilikaribia sifuri. Kisha akawasha ya buluu yenye lenzi nyembamba, na safari hii namba ilishuka taratibu, ikafika chini ingali na nguvu.

"Kwenye tangi refu, lenzi pana inamwaga mwanga kwenye vioo. Chukua nyembamba. Halafu usiwashe kwa nguvu yote siku ya kwanza, matumbawe yataungua. Anza kidogo, uongeze wiki kwa wiki."

"Kwa nini yenyewe yasipande juu?"

"Hayana miguu, Sia. Yameshikamana na jiwe. Mwanga ndio uyafuate."

Sia alirudi na maneno hayo hadi mtaa wa Kangle, kwenye chumba cha shangazi cha ghorofa ya sita, ambako vyerehani vya chini vilitetemesha sakafu tangu asubuhi. Humo alikunja suruali na kufunga marobota. Pasipoti yake ilikuwa ndani ya sanduku la shangazi, na ufunguo ulining'inia shingoni mwa shangazi pamoja na rozari. "Kwa usalama wako," aliambiwa siku ya kwanza. Miaka mitatu ilipita. Kila alipokunja suruali Sia aliipanga sentensi moja kichwani, na kila shangazi alipogeuka aliimeza.

Taa zilimpa ruhusa ya kutoka. Kila Alhamisi alikuwa na swali la kuuliza sokoni.

"Leo kuna nini, bosi wangu?" Lusajo alimwuliza.

"Skrubu."

"Wiki iliyopita pia ilikuwa skrubu."

"Zilikuwa nyingine."

"Basi wiki ijayo njoo na waya, mpenzi. Skrubu zimekwisha."

Siku moja, Lusajo alipokwisha kumaliza mitihani, simu iliita. Shangazi alikuwa amekaa hatua mbili tu, anabandika lebo.

"Nani?"

"Mtu wa taa," Sia alijibu, akaibana simu sikioni.

"Sia wangu, Jumapili narudi nyumbani," Lusajo alisema. "Nataka wazee wangu wapeleke barua kwenu. Una kipingamizi?"

Shangazi alikuwa anamtazama. Sia alichukua neno la Kichina ambalo shangazi asingelishuku, neno la biashara, lenye maana ya "hakuna".

"Meiyou."

Upande wa pili Lusajo alirudia: "Meiyou?"

"Meiyou."

"Haya. Nimekuelewa."

Siku mbili Sia alikunja suruali akitabasamu peke yake. Ya tatu alipiga simu, haikupokelewa. Ya nne pia.

Ijumaa shangazi alikwenda mwenyewe kuchukua taa, na Sia nyuma yake. Lusajo alikuwepo, amekuja kumuaga laoban. Alimwamkia shangazi kwa heshima, akaangalia samaki. Kwa Sia hakugeuka hata kidogo.

Mteja mmoja aliingia, akauliza kitu. Laoban hakuinua hata kichwa. "Meiyou," alisema, na mteja akageuka akaenda zake, kama watu wote wanavyofanya mji ule wakiambiwa neno hilo. Sia aliutazama mgongo wake ukipotea kwenye umati. Hapo ndipo alipolisikia jibu lake kama Lusajo alivyolisikia: hakuna kitu hapa, nenda zako.

"Nipe hizi nyeupe," shangazi alikuwa anasema. "Zinawaka zaidi."

"Hapana, Shangazi."

"Unasemaje?"

"Zinawaka juu tu. Chini hazifiki. Matumbawe ya chini yatakufa na hoteli itakulaumu wewe. Chukua za buluu, lenzi nyembamba."

"Haya yote kakufundisha nani?"

"Huyu." Sia alimwonyesha kijana kwa mkono. "Lusajo, uliniuliza kama nina kipingamizi. Nilisema hakuna. Hakuna kipingamizi. Si kwamba sikutaki."

Lusajo aliacha kuangalia samaki, akamgeukia. "Kwa hiyo meiyou ilikuwa ndiyo?"

"Ilikuwa ndiyo."

"Ungeniambia shikamoo, ningekuelewa haraka," alisema, na macho yake yalikuwa yamelowa.

Shangazi alimshika Sia kiwiko. "Twende. Tutaongea nyumbani." Mkono wake mwingine ulikuwa umeshakwenda shingoni, kwenye ufunguo.

Sia hakusogea. Lebo ilikuwa inamkuna, na sentensi ya miaka mitatu ilikuwa tayari mdomoni, imenyooka.

"Shangazi, naomba pasipoti yangu."