Gunia Juu ya Pipa

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Benita aliteka maji mtoni, akawalisha kuku, kisha akachana nywele zake mwenyewe. Zamani mama yake ndiye aliyemchana. Sasa ilibaki wiki moja tu mama atimize mwaka kaburini. Siku hiyo ingesomwa misa, na baada ya misa majirani wote wa kijiji chao cha Wayllapata, juu milimani, wangekuja kunywa pombe ya mahindi. Mwaka wa marehemu ukipita bila pombe, watu wa milima ile husema amesahauliwa.

Aliyeipika pombe hiyo ni Shangazi Gumercinda. Pipa la kwanza liliharibika. Baridi ya Juni ilikuwa kali, uji wa kimea ukapoa kabla haujawa mtamu, wakaumwaga. Ndipo baba yake Benita, Eleuterio, alipotengeneza sanduku la mbao, akaliweka pipa ndani na kushindilia majani makavu pande zote.

"Kaka, umevalisha miguu ukasahau kichwa!" Shangazi alimtania. "Joto linatokea juu. Benita, panda mlimani ukakate majani mafungu mawili, ushone godoro la kufunikia."

"Na upepo huu, Shangazi?"

"Upepo haujawahi kula mtu. Nenda."

Benita alifika kwenye kona ya kwanza tu. Vidole vilikufa ganzi, akarudi. Katika ghala la mbegu za viazi kulikuwa na magunia matupu, mazito. Yalikuwa yamebeba dawa ya unga ya kuua wadudu, na baba alikwisha kumkataza kuyagusa. Alichukua moja, akalikung'uta, akalikunja mara tatu, akalishonea ndani ya shali kuukuu ya mama yake ili lisionekane.

"Godoro tayari?" Shangazi aliuliza.

"Tayari."

"Upesi hivyo? Ama kweli una mikono ya mama yako."

Benita aliinama akafunika pipa.

Joto lilikaa hadi asubuhi. Mvuke ulipanda, ukalowesha shali na gunia, ukadondoka tena ndani ya uji tone baada ya tone. Shangazi alionja upawa mmoja, akaongeza wa pili na wa tatu, kama wapishi wa pombe wafanyavyo.

"Tamu! Kichwa kimepata kofia!" alisema. Akachuja, akawatupia kuku machicha.

Kabla ya adhuhuri kuku walikuwa wakitetemeka na kutokwa mate. Jogoo alikufa wa kwanza. Shangazi alikuwa ameketi karibu na jiko, akitokwa jasho katika baridi ile. Alitaka kusema kitu, akatapika.

Walimteremsha hadi zahanati kwa lori la jirani. Muuguzi Rosmery alimfunua macho. Mboni zilikuwa zimesinyaa kama punje za ulezi.

"Huyu amekula sumu. Sumu gani?"

"Muuguzi, nyumbani kwangu chakula hakina sumu," alisema Eleuterio. "Ameonja uji wa kimea tu."

"Basi kitu kimeingia humo. Nisipokijua nitabahatisha, na kubahatisha kunaua."

Pembeni ya kitanda, Benita alikuwa akiomba kimoyomoyo: Mungu, mponye bila mimi kusema. Shangazi alikoroma, povu likamtoka mdomoni. Hapo Benita aliona haya kwa ombi lake.

"Ni mimi," alisema. "Sikukata majani. Ndani ya shali kuna gunia la dawa ya viazi."

Baba alimtazama kama mtu asiyemjua. Muuguzi hakungoja. Alikwisha kushika sindano ya kupambana na sumu hiyo.

Shangazi alipata nafuu baada ya siku nne. Muuguzi aliagiza uji wote ufukiwe katika shimo, mbali na mto. Eleuterio alipomaliza kufukia, aliegemea koleo.

"Tone la kwanza la pombe huwa tunaimwagia ardhi kwa heshima," alisema. "Hili hata ardhi naionea huruma."

Siku ya misa majirani walikuja. Walipewa maji ya moto ya shayiri iliyokaangwa.

"Eleuterio," alisema mzee Casiano, "mkeo hakustahili hata kikombe kimoja?"

Baba alifumbua kinywa. Benita akamtangulia, akasimama akiwa ameshika birika.

"Mzee, usimlaumu baba. Pombe niliiharibu mimi, kwa uvivu na uongo." Akaeleza yote. Mzee Casiano alinyoosha kikombe chake aongezewe shayiri.

Shangazi Gumercinda alimvuta Benita kando yake. Sauti yake ilikuwa bado nyembamba.

"Mwanangu, pipa tunalifunika ili joto lisitoke. Kosa usilifunike hivyo. Ukilifunika linachacha humo humo, na atakayelinywa ni mtu mwingine. Uvivu wako ulikaribia kunizika, lakini ukweli wako ndio ulionipa hewa hii ninayovuta. Siku nyingine useme mapema."

"Ndiyo, Shangazi."

Asubuhi iliyofuata hapakuwa na kuku wa kulishwa. Benita alichukua mundu, akapanda mlimani katika upepo, akakata yale mafungu mawili ya majani aliyoagizwa.