Tetemeko la Chumbani kwa Mama

Hakuna kikombe kilichotikisika wala mlango uliogonga, lakini kompyuta ilisema kuna tetemeko chini ya nyumba ile.

Mtaalamu wa matetemeko alicheka. Alikuwa akifanyia kazi nyumbani ili amuuguze mama yake, na asubuhi hiyo alikuwa ameandika programu fupi ya kuvuta kumbukumbu za matetemeko mtandaoni: unaipa mahali, inakuletea yaliyotokea hapo. Kwa kujaribu akaweka nyumba yake mwenyewe. Ndio uvivu wa watu wa kazi hiyo, kuanzia na mahali wanapopajua kwa kichwa. Alitegemea jibu tupu. Likaja tetemeko moja, kina chake kilomita kumi.

Akauliza tena. Kilomita sita. Mtu mwenye akili angeacha hapo akapike chai, lakini huyu akiona kosa hashikiki. Akauliza tena na tena, na kila alipouliza tetemeko lile lilipanda, mpaka kina kikawa sifuri.

Harufu ya udongo uliofukuliwa ikajaa ukumbini.

"Mwanangu," mama aliita kwa sauti ya chini kutoka chumbani, "nani yuko chini ya kitanda?"

"Hakuna mtu, mama."

"Basi mwambie huyo 'hakuna mtu' aache kunivuta miguu."

Alikimbia, akakuta miguu ya kitanda imezama kwenye sakafu ya saruji ambayo haikuwa na ufa hata mmoja, na shuka linavutwa polepole upande wa chini, na mama yake, aliyemlea peke yake kwa jasho lake, ameng'ang'ania mto huku pumzi ikimkatika, na chini kabisa kitu kinahema, kwa subira, kama mtu aliyealikwa anayesubiri kukaribishwa.

Mganga aliyeitwa na jirani aliyesikia vurugu alifika mbio, akanusa, akagoma kuvuka kizingiti.

"Nani kaliita hili jini?"

"Sikuita," mtaalamu alinong'ona. "Niliuliza tu."

"Kwake ni mamoja. Halina macho, linafuata linakoelekezwa. Lielekeze kwingine upesi."

Alirudi kwenye kompyuta, akaweka katikati ya bahari. Jibu tupu. Chumbani mama akapiga ukelele.

"Pasipo na watu haliendi, binti yangu," mganga akasema, naye akiwa hataki kumtazama usoni.

Akafungua ramani ya picha za setilaiti, akafumba macho, akagusa. Ulikuwa mji asioujua. Paa la bati, na uani vitu vyeupe, kama nguo zilizoanikwa. Aliona haya, akaingiwa na hofu, lakini alimsikia mama yake akikoroma kama anayezama, akabonyeza. Kilomita kumi. Kitanda kikainuka kidogo.

"Usiache hapo," mganga alimwambia. "Lisipofika, litarudi. Uliza mpaka lifike."

Akabonyeza. Kilomita saba. Harufu ikaanza kupungua. Akabonyeza tena huku machozi yakimdondokea mikononi, na kitanda kikasimama sawasawa sakafuni.

Mama alikohoa, akavuta pumzi ndefu ya mtu mwenye afya.

"Limeondoka?"

"Linaondoka, mama."

"Linakwenda wapi?"

"Mbali."

"Kwa nani?"

Zilikuwa zimebaki kilomita mbili kufika chini ya paa lile la bati, na binti alikuwa bado anabonyeza.