Mwalimu Qiu Aunga Joka

Shanghai ilipofungwa kwa sababu ya korona mwaka ule, jengo letu lilikuwa na ghorofa sita na watu sitini na mmoja. Kazi yangu ni kuuza vifungo vya nguo. Lakini majira yale nilikuwa kamanda. Usicheke. Ndivyo tulivyoitwa sote tuliokusanya maagizo ya majirani ili kabichi, mayai na mchele viletwe getini kwa pamoja. Bunduki sikuwa nayo. Nilikuwa na simu, na sauti iliyokauka.

Ghorofa ya tatu waliishi Mwalimu Qiu Wenbo na mkewe, Shangazi Suzhen. Mwalimu hakuwahi kufundisha. Alisahihisha magazeti miaka thelathini na sita, na kwetu mtu wa kalamu huitwa mwalimu. Shangazi ana kisukari, na hujidunga insulini kila siku.

Kila siku matangazo yalimiminika kwenye kundi la simu la jengo tangu asubuhi. Mwalimu alisoma matatu, akakasirika, akalinyamazisha kundi.

"Hiki si Kichina," alimwambia mkewe. "Haya ni makapi."

Siku ya kumi na tisa, saa tano na nusu asubuhi, nilifika mlangoni kwao na karoti. Shangazi alisimama mbali kidogo, barakoa usoni.

"Huilan mwanangu, dawa yangu inakuja leo? Nimebakiwa na dozi ya jioni tu."

Nilishtuka. "Dawa gani, Shangazi? Jina lako halimo kwenye orodha."

"Halimo vipi?" Mwalimu alitokea nyuma yake. "Niliandika barua kwa brashi, kurasa mbili. Nilimpa mtu wa kamati ya mtaa siku walipokuja kutupima."

"Mwalimu, kamati ina watu watano na majengo arobaini. Nani atasoma barua? Dawa zinaagizwa kwa kuunga joka. Na joka la leo linafungwa saa sita."

"Joka. Unasikia upuuzi huo?"

Nasema kweli, nilitaka kumfokea. Mkewe yuko hatarini, yeye anapima uzuri wa maneno. Kisha nikaona macho yake hayatoki kwa mkewe. Alikuwa anaogopa kuliko mimi.

"Sikiliza basi," nikasema. "Wa kwanza anaandika jina, nyumba na dawa. Wa pili ananakili orodha yote, anaongeza lake chini. Wa tatu vivyo hivyo. Orodha inarefuka kama joka la sikukuu. Mchana mtu mwenye kibali anakwenda hospitali na picha za kadi za matibabu za wote, anarudi na dawa za wote."

Mwalimu alisogea mbele. "Lakini kuunga joka ni mchezo wetu wa shuleni. Mmoja anataja msemo, mwenzake anaanzia pale ulipoishia."

"Ndio huohuo. Watu walikuwa na haraka, wakachukua neno la zamani wakalipa kazi mpya. Kama mimi na ukamanda wangu."

Akatoa simu. "Na hili, 'mijie', ni kitu gani?"

"Mtu aliyekaa karibu na mgonjwa. Jina la serikali ni refu mno. Wakachukua 'mi' ya ukaribu na 'jie' ya kugusana, mengine wakayaacha."

"Kumbe wamekata," alisema taratibu. "Sisi gazetini tulikata hivyohivyo kila siku, ili kichwa cha habari kienee. Na hawa 'Weupe Wakubwa'?"

"Wanaotupima. Wamefunikwa kwa mavazi meupe kuanzia kichwani hadi miguuni, sura hazionekani. Watu wakawaita kwa kile walichokiona."

"Nani alianza?"

"Nitajuaje, Mwalimu?"

"Nyinyi wawili," Shangazi alisema, "somo hili litaisha kabla sijazikwa?"

Ilikuwa saa sita kasorobo. Mwalimu aliandika kwa kidole kimoja: "Kwa heshima kubwa, majirani wapendwa..."

"Futa," nikamwambia. "Jina, nyumba, dawa."

Akafuta. Akawa wa ishirini na saba. Mimi nikapiga picha kadi ya Shangazi, nikaituma.

Saa kumi na moja jioni insulini ilifika, imewekwa kwenye mfuko wenye barafu. Asubuhi iliyofuata Shangazi alijidunga kama kawaida, akanywa uji.

Tangu siku hiyo Mwalimu alisoma kila tangazo. Aliandika kila neno jipya daftarini: limekatwa wapi, limeazimwa wapi, nani kalisema kwanza. Alinipigia hata mara kumi kwa siku. Alinichosha, lakini nilimpenda.

Wiki iliyofuata tuliunga joka jingine la dawa. Majina yalipofika ishirini na tisa, Mwalimu alinipigia.

"Bibi Tao wa ghorofa ya tano hayumo. Yule ana presha."

"Labda dawa anazo bado."

"Labda?" Akakata simu.

Mara nikasikia dirisha lake linafunguliwa. Mtu huyo sikuwahi kumsikia akipaza sauti maisha yangu yote.

"Bibi Tao! Vidonge vya presha vimebaki vingapi?"

Sauti nyembamba kutoka juu ikajibu, "Viwili. Hayo mambo ya majoka mimi siyajui."

"Hata mimi nilikuwa siyajui," alisema Mwalimu. "Nitajie jina la dawa, nikuandikie."