Baba Asiyeweza Kukumbatiwa

Orest Hnatiuk alikunywa chai akiwa amesimama. Mayai aliyala akiwa amesimama. Mkewe, Darlene, alimvutia kiti. Orest akakipita, akaenda dirishani, akarudi, akafungua mlango wa nyuma, akaufunga.

"Utakimaliza hicho kizulia kwa kukikanyaga, mume wangu."

"Kizulia ni changu."

"Ni cha mama yangu!"

Tessa, binti yao wa darasa la pili, alicheka mpaka maziwa yakamtoka puani. Orest naye akacheka kidogo. Kisha akaenda tena dirishani.

Alikuwa hivyo tangu mavuno. Siku moja ya mavuno hayo aliingia kwenye kihenge cha bati kugongagonga ngano iliyogandamana. Ngano ikafunguka chini ya miguu yake, ikamvuta kama tope mpaka kwapani. Kila alipotoa pumzi, punje zilijaza nafasi zikambana zaidi. Ndugu na majirani walikata bati kwa misumeno, wakamtoa mzima. Hakuvunjika hata mfupa. Ndiyo maana watu walishangaa. Hana jeraha, mbona hatulii?

Kaka yake mkubwa, Metro, alikuwa na dawa yake. Jumapili moja baada ya kanisa alikuja na pikapu.

"Panda, twende kihengeni. Chungulia mara moja tu, hofu iishe. Mimi farasi aliniangusha, nikampanda siku hiyohiyo."

"Kaka, sitaki."

"Hutaki, au unaogopa ngano? Ngano, Orest! Si unaila kila asubuhi?"

Orest alikwenda. Alipanda ngazi, akafungua kifuniko. Vumbi la ngano likampiga puani, kifua kikambana. Alitapika palepale juu ya paa, akashuka.

Walipofika nyumbani, Tessa alimkimbilia kwa nyuma. Akamrukia mgongoni na kumzungushia mikono kifuani. Orest hakujua ni nani. Alijua kitu kimoja tu, kwamba anabanwa. Akamrusha. Mtoto akagonga mdomo kwenye ngazi ya baraza, damu ikachuruzika kwenye koti lake jipya la njano.

Hakulia mara moja. Kwanza alimtazama baba yake.

Tangu siku hiyo, Tessa alimpita baba yake kwa kujibanza ukutani. Hilo lilimuuma Orest kuliko kihenge.

"Nitahamia karakana," alimwambia Darlene. "Sitaki kumuumiza tena."

"Leo karakana, kesho wapi? Nimeshapiga simu zahanati. Kuna mshauri anaitwa Colette Arcand. Alhamisi tunakwenda."

"Mimi sina wazimu."

"Nani kasema wazimu? Ungekuwa na jino bovu si ningekupeleka?"

Colette alikuwa mwanamke mnene, mwenye mvi na sauti ya chini. "Chagua kiti unachotaka," alimwambia. "Mlango niufunge au niuache wazi?"

"Wazi."

Orest aliketi, akasimama, akaketi, akasimama.

"Hata mimi nimechoka kukaa," Colette alisema, akachukua koti. "Twende tutembee."

Wakazunguka nyuma ya zahanati, theluji ikilia chini ya viatu vyao.

"Sasa utataka nikuhadithie kihenge," Orest alisema.

"Sitaki. Utaeleza siku ukiwa tayari. Usipotaka, usieleze. Ulishabanwa vya kutosha, sitakubana mimi."

"Wewe unajuaje mambo haya?"

"Niliendesha gari la wagonjwa miaka mingi. Siku moja tulichelewa kufika kwenye nyumba iliyokuwa ikiungua. Baada ya hapo, mwanangu akiunguza mkate tu, mimi niko barabarani na soksi tu, bila viatu."

"Na baridi hii?"

"Soksi ziliganda kwenye barafu, bwana! Ndipo nilipotafuta msaada. Baadaye nikasomea kazi hii."

Orest alicheka. Mabega yakamshuka kidogo.

"Siku ile mwili wako ulipiga kengele ya hatari, ukapigania uhai," Colette aliendelea. "Sasa kengele haijui kwamba hatari imekwisha. Huo si wazimu, wala si uoga. Kinaitwa kiwewe, na kinatibika. Kengele ikilia, kanyaga chini uhisi visigino. Toa pumzi polepole. Taja unavyoviona. Haya, unaona nini?"

"Uzio. Theluji. Mbwa anakojolea gari la daktari."

"Vizuri sana. Tusimwambie daktari."

"Na binti yangu?" Orest aliuliza.

"Mweleze ukweli, kwa maneno ya mtoto. Asikushike kwa nyuma. Aombe ruhusa kwanza. Na wewe useme 'basi' kabla hujazidiwa, naye aachie. Kusema basi si kumkataa."

Orest alirudi Alhamisi iliyofuata, na nyingine. Siku nyingine alitoka akiwa afadhali, nyingine hoi. Metro akapata la kusema.

"Nasikia unakwenda mjini kutembezwa. Ng'ombe wangu hutembea bila mshauri."

"Ng'ombe wako hawajazikwa kwenye ngano. Kihengeni nitarudi nikitaka mwenyewe, kaka. Usinisukume tena."

Metro alikuna shingo. "Mimi pia nilishika msumeno siku ile," alisema polepole. "Mpaka leo nakusikia ukiita."

"Basi njoo nawe Alhamisi."

Jioni hiyo Orest alimwita Tessa jikoni.

"Siku ile sikukukasirikia wewe, mwanangu. Mwili wangu ulidhani ni ngano."

"Mimi si ngano."

"Najua. Mwili wangu ndio mgumu wa kuelewa." Akamfundisha kuomba ruhusa kabla ya kumkumbatia, na kuachia akisikia 'basi'.

Theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka Tessa alipomjia kwa mbele. "Baba, naweza?"

"Njoo."

Mikono midogo ikamzunguka. Kifua kikaanza kubana. Orest akakanyaga sakafu. Akaona jiko, sufuria, nywele za mtoto.

"Basi, Tessa."

Tessa akaachia palepale. Akarudi nyuma, akamchunguza usoni. Baba yake alikuwa anapumua. Hakuna aliyeanguka.

"Nimekuumiza?"

"Hata."

"Tujaribu tena kesho?"

"Kesho mbali," Orest alisema. "Nipe dakika moja."

Tessa akaketi sakafuni, akaanza kuhesabu kwa sauti, akiruka namba ili dakika iishe upesi.