Spinachi ya Gacheri Haipigwi Dawa ya Kahawa

Gacheri wa Kanyakine si mtu wa kusukumwa. Kila asubuhi akimaliza kukamua ng'ombe, huingia shamba dogo nyuma ya jikoni kuchuma mboga.

Msimu ule spinachi yake iliingiwa na vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani. Majani yakajikunja. Mumewe Riungu alikuwa ametoka kupiga kahawa dawa, na dawa kidogo ilikuwa imebaki kwenye pampu. Akaja nayo moja kwa moja kwenye mboga. Nyumba nyingi huku hufanya hivyo, na ni kosa kubwa.

Gacheri akasimama mbele ya pampu.

"Baba Mukiri, hiyo ni dawa ya kahawa. Hii spinachi watoto wanakula jioni. Hupigi."

Riungu alikasirika. Akasema basi atang'oa kila kitu, apande nepia, nyasi ya kulisha ng'ombe. Gacheri akamjibu angoje mvua ziishe, kisha aje aangalie majani. Yakiwa mabovu, ang'oe.

Akaenda kwa jirani yake Cicily, aliyefundishwa na afisa wa kilimo. Cicily akamwambia atoe majani yaliyojikunja, mengine ayaoshe kwa maji yenye sabuni kidogo, na ayasuuze vizuri kabla ya kupika. Halafu apande vitunguu na dania katikati ya mistari ya spinachi. Harufu yake huwasumbua vidukari, wasiipate mboga kwa urahisi. Tena kitunguu husimama wima, hakinyang'anyi spinachi nafasi.

"Lakini bitiruti usipande karibu," Cicily alisema. "Hiyo na spinachi ni ndugu. Moja ikiugua, nyingine nayo inaugua."

Mama mkwe wake alipita akamkuta akipanda vitunguu, akacheka. Alisema shamba la kuchanganya ni la mwanamke mvivu. Gacheri alimsalimia kwa heshima, akaendelea kuchanganya.

Mvua zilipoisha, Riungu alikuja na jembe na mzigo wa nepia begani. Majani mapya yalikuwa mapana, na vidukari wachache sana. Akageuza jani moja, akageuza lingine. Akateremsha jembe.

"Nepia inapandwa kwenye kingo za matuta," Gacheri alimwambia. "Hapa ni chakula cha watu."

Riungu akabeba nepia yake, akaenda kuipanda kwenye matuta. Jioni aliomba aongezewe spinachi. Gacheri akamwongezea, bila kuomba msamaha hata kidogo.