Fundi Koki na Jagi la Maji

Koki ya mtu ikivuja, aliitwa yeye. Choo kikiziba, aliitwa yeye. Ndiyo maana watu walimpa jina la Fundi Koki, mpaka lake la kuzaliwa likasahaulika. Lakini mganga hajigangi. Kulikuwa na bomba moja lililomshinda, nalo lilikuwa ndani ya kifua chake mwenyewe.

Chakula kilikuwa hakishuki. Akimeza tonge, linafika katikati ya kifua, linasimama hapo. Basi akafanya kama anavyofanya kazini: bomba likiziba, ongeza presha. Kila akila, aliweka jagi la maji kando ya sahani. Tonge moja, glasi nzima ya maji. Kisha anasimama, ananyoosha shingo, anarukaruka kidogo. Mara tonge linashuka kwa maumivu. Mara linarudi, naye anakimbilia nje.

"Chakula changu kimekuwa sumu?" mkewe alimwuliza siku moja. Mkewe alikuwa fundi cherehani, na ulimi wake ulikata kuliko mkasi.

"Nimeshiba, mama."

"Umeshiba wapi? Maana hapa hujala."

Fundi akanyamaza. Jamani, mume akinyamaza, mke hujijibu mwenyewe! Huyu alijijibu kwamba kuna mwanamke mwingine.

"Na huyo anayekupikia," alisema, "mbona hakunenepeshi?"

Kweli, Fundi alikuwa amekonda. Si yeye aliyevaa shati, shati ndilo lililomvaa. Mkewe akawa anayapunguza mashati hayo kwa cherehani, huku amenuna. Baada ya muda yanapwaya tena, anayapunguza tena. Mume alikuwa anaisha mikononi mwake, naye hakujua.

Akilala, chakula kilimrudi kooni. Akaamka anakohoa, mto umelowa. Duka la dawa walimpa dawa ya vidonda vya tumbo. Akameza zote. Hazikusaidia kitu.

Siku moja aliitwa kuzibua sinki kwa jirani. Jirani huyo alikuwa muuguzi wa hospitali kubwa, katika chumba wanamotazama matumbo ya watu kwa kamera. Mtaa mzima ulimwita Sista. Kazi ilipokwisha, Sista akampa chai na mkate. Akamwona anamega, anakunywa, anasimama, ananyoosha shingo.

"Fundi, ngoma hiyo umeanza kuicheza lini?"

"Ngoma gani, Sista?"

"Hiyo ya kumeza."

Fundi akacheka. Kicheko kikamwishia njiani, akakaa.

"Huu mwaka wa pili."

"Maji nayo yanakwama?"

"Siku hizi, hata maji."

"Mkeo anajua?"

"Anajua nina mwanamke."

Sista hakucheka. "Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema. "Sikiliza. Chakula hupita kwenye bomba la nyama, linaitwa umio. Chini kabisa, pale linapoingia tumboni, kuna msuli. Ukimeza, msuli unafunguka. Chakula kikipita, unajifunga."

"Kama valvu."

"Haswa. Sasa, kwa watu wengine, neva zinazouambia msuli ufunguke hufa. Chakula kinarundikana juu yake. Si uchawi, wala si mapishi ya mkeo. Lakini sisemi hayo ndiyo maradhi yako. Chakula kukwama kunaweza pia kuwa saratani. Kwa hiyo uje upimwe, tena upesi."

Fundi akaondoka na neno hilo moja, saratani. Alimkuta mkewe anapunguza mabega ya shati lake. Akamweleza yote.

Mkewe akaliweka shati chini. "Mimi nakutukana," alisema, "kumbe unakufa mbele yangu."

Wakaenda hospitali pamoja. Fundi akanyweshwa dawa nyeupe, akapigwa picha inavyoshuka. Haikushuka. Wakatazama kwa kamera pia. Haikuwa saratani. Ulikuwa ni ule msuli.

"Tunaweza kuutanua kwa puto," daktari alisema. "Au kufanya upasuaji wa tumbo. Njia hizo bado zinafaa. Lakini kwako naona ile mpya zaidi. Utalala nusu kaputi. Tutapitisha mpira wenye kamera mdomoni. Tutatoboa tundu dogo kwenye ngozi ya ndani ya umio, tupite katikati ya kuta zake mpaka chini, tuukate msuli uliobana. Kisha tufunge tundu kwa vibanio vidogo. Nje hutakuwa na kovu."

"Mnapita ndani ya ukuta wa bomba?" Fundi alishangaa. "Na zile neva?"

"Hazirudi. Hatukupi umio mpya, tunakufungulia njia."

Sista akampa masharti. Siku za mwisho, ale vyakula vya majimaji tu. Kuanzia usiku wa kuamkia siku yenyewe, asitie kitu mdomoni, hata maji.

Sasa tazama alichofanya bwana huyu. Asubuhi hiyo alifikiri kifundi. Fundi gani anapenda kufungua bomba chafu? Aibu iliyoje, daktari akute makombo! Akajifungia bafuni na jagi, akanywa maji yote, eti asafishe njia.

"Hujanywa kitu?" Sista aliuliza.

"Sijanywa."

Usingizi wa dawa ulipoanza kumchukua, maji yakapanda. Yakaingia kwenye mapafu. Daktari akaacha kila kitu, wakahangaika kuokoa pumzi yake.

Fundi alilala wodini wiki nyingi na nimonia, mpira wa oksijeni puani. Mkewe alikaa kando ya kitanda. Kwenye kitanda cha pembeni alilala mzee ambaye chakula kilimkwama vilevile. Yake ilikuwa saratani, na alikuja amechelewa. Asubuhi moja wakakuta kitanda cha mzee kimetandikwa upya. Mke wa Fundi alilia kama aliyefiwa na wake.

Fundi alipoweza kusema, Sista akamwuliza, "Kwa nini?"

"Nilitaka mkute pasafi."

Sista akavuta kiti. "Bomba la nyumba ukilimwagia maji, yanatoka upande wa pili. Lako limefungwa chini. Maji yatarudi juu, na juu ndipo palipo njia ya mapafu. Kusafisha ni kazi yetu. Kazi yako ni kutii na kusema kweli."

"Nisamehe, Sista."

"Mwombe msamaha huyu," alisema, akimwonyesha mkewe.

Siku ya kurudia upasuaji, mkewe hakubahatisha. Alilitia jagi kwenye mkoba wake, akaenda nalo hospitali, akalipakata mpaka mlango wa chumba cha upasuaji ulipofunguliwa.

"Msuli umekatwa," daktari alisema. "Njia ipo."

Fundi alirudi nyumbani na masharti mapya. Aanze na vyakula laini. Ale ameketi, atafune sana, asilale akitoka kula. Arudi kupimwa, maana tindikali ya tumbo sasa inaweza kupanda na kumchoma. Pumzi yake haikurudi yote. Matangi ya juu ya paa huwaachia mafundi wengine, na jambo hilo linamuuma.

Ilipofika siku ya kula chakula cha kawaida, mkewe alimwekea sahani mezani. Jagi halikuwepo. Fundi akatafuna tonge, akameza, akashika kifua kwa mazoea. Mkewe akaacha kupumua. Tonge likapita. Akameza la pili, na la tatu, amekaa vilevile.

Kisha akasukuma sahani mbele.

"Niongeze, mama."

Mkewe akaichukua, akampa mgongo, akapakua huku anafuta macho.

"Unalia nini sasa?"

"Nawaza kazi niliyojipa," alisema. "Kesho naanza kuyafumua mashati yako."